Mawe ya Kibati Kwenye Mizani

Miaka yote niliyowapima wagonjwa wa saratani hapa Goma, nilijisifu kwamba jicho langu linaishinda mizani. Mtu akiingia tu mlangoni, najua kama amekula. Majivuno hayo yalinitoka asubuhi moja, na wala sisikitiki.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kibati, muuza maharage, aliyekuja kila baada ya wiki tatu kutundikiwa dawa na kurudi nyumbani jioni. Kilo zake zilikuwa palepale, hamsini na mbili, mara tatu mfululizo. Nilimpenda kwa hilo. Niliwaambia wenzake, mwoneni huyu, anakula.

Mara ya nne nilimshika mkono juu ya kiwiko nimsaidie kupanda mizani, vidole vyangu vikakutana. Mizani ikasema hamsini na mbili. Nikafunga mlango.

"Mama, fungua kitenge."

Alivaa vitenge viwili, kama wamama wetu wavaavyo wakienda mahali pa heshima. Katikati, kiunoni, alijifunga kitambaa chenye mawe meusi ya volkano kutoka uani kwake. Kila safari alikuwa akiongeza moja.

"Ule mama wa Sake mulimurudisha juu ya kukonda," akasema. "Mulimuambia akule kwanza. Hakurudiaka. Miye niko na batoto."

Niliona haya sana. Aliyemrudisha yule mama ni mimi, mbele ya wote, kwa ukali. Sikuwahi kuuliza aliishia wapi.

Nilikaa, nikamweleza kwamba dawa hupimwa kwa kilo za mgonjwa, na ile iliyohesabiwa pamoja na mawe ilikuwa ikiuelemea mwili wake.

"Basi mulikuwa munatibu mawe," akasema. Tukacheka, ingawa mimi nilikuwa karibu kulia.

Bila mawe, arobaini na sita. Daktari alipunguza dawa, hakuikatiza. Nilimuuliza ni chakula gani hakimtapishi. Akasema sambaza, vile visamaki vya ziwani, basi tukaanzia hapo, pamoja na uji wa soya. Siku hizi napima mlango ukiwa umefungwa, napima na mkono kwa utepe, na kabla ya yote nasema kwamba hapa hafukuzwi mtu kwa kukonda. Neno hilo nalisema vizuri, kwa kuwa najua ukali wangu uligharimu nini.

Wiki tatu baadaye alipanda mizani peku, na kitenge kimoja. Arobaini na saba. Akashuka, akapanda tena.

"Hii yote ni yangu," akasema.