Mbalungi wa Mama

Bi Mkasi alikuwa mchoyo, tuseme ukweli. Hakuwa mchoyo wa chakula. Mtu akiingia kwake hatoki na njaa. Alikuwa mchoyo wa miti. Nyuma ya nyumba aliyoachiwa na wazazi, yeye na kaka yake fundi redio, alikuwa amepanda mshokishoki, mduriani na mingine ambayo mtaani hakuna aliyeijua hata kwa jina. Ukikaribia tu unasikia, "Usiguse!"

Roho yake hasa ilikuwa kwenye mbalungi wa marehemu mama. Matunda yake yalikuwa mekundu ndani, matamu, bila ule uchungu wa balungi unaobana ulimi. Jirani yake, mshona nguo, alishachoka kuomba kikonyo, kitawi tu cha kwenda kubebesha, yaani kukiunganisha kwenye shina la mche wake. Jibu lilikuwa lile lile: "Mti wa mama haugawiwi."

Kisha mti ukaanza kukauka kuanzia juu. Bi Mkasi alijua umekwisha. Alikata vikonyo vilivyobaki na uhai, akavibebesha kwenye miche mitatu ya mlimau na kuvifunga kwa nailoni. Viwili vikafa. Cha tatu kikatoa majani mawili, naye akalia kwa furaha, mtu mzima, magoti kwenye samadi.

Mara binti yake akajifungua kwa upasuaji, mji wa mbali, ikabidi amfuate. Akamwita kaka yake.

"Kaka, umwagilie mche huu. Basi."

"Na hiyo nailoni ya nini?"

"We mwagilia tu. Mengine hayakuhusu."

Sentensi moja ingetosha: machipukizi yakitokea chini ya nailoni yang'oe, hayo ni mlimau. Hakuisema. Siri za bustani hakuzoea kumpa mtu.

Aliporudi miezi kadhaa baadaye, mti wa zamani ulikuwa umeshakuwa kuni. Kaka alimpokea begi, akamkokota hadi nyuma kama mtoto mwenye zawadi. Mche ulikuwa umefika kiunoni, kijani kibichi, miiba kila mahali.

"Ona, dada! Kile kijiti cha juu kilikuwa kimedumaa, machipukizi ya chini ndiyo yenye nguvu. Nikakikata. Si umeona ulivyonawiri?"

Bi Mkasi alichuma jani, akalifikicha, akanusa. Mlimau. Matusi yalimjaa mdomoni. Lakini kaka huyu, ambaye maishani mwake hajawahi kumwagilia hata mchicha, alikuwa ameuzungushia mche ule uzio wa vijiti na kuuwekea kivuli cha gunia.

"Ahsante, kaka," akasema. Alimchukia wakati ule, na akajichukia zaidi.

Jioni alipiga hodi kwa jirani. Alimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Jirani, niambie ukweli, sitakasirika. Hukuwahi kuniibia kikonyo cha ule mbalungi? Siku nilipokuwa sipo?"

Jirani alitoa pini moja moja, uso umemkunjamana.

"Kuiba? Mimi? Ulisema haugawiwi, nikakuheshimu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Umekuja kunituhumu nyumbani kwangu?"

Bi Mkasi aliketi kwenye benchi la wateja.

"Ungeiba," akasema. "Ungeiba tu, jirani yangu."