Komeo la Nje

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayeulaza mwili na kuiacha roho itembee, kisha akairudisha kwa mwenyewe kabla ya alfajiri. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa mke aliyenipa, na hata kwa aibu aliyonivisha, maana zipo aibu zinazomrudisha mja njiani. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Baada ya hayo, nasimulia niliyoyaona.

Usiku ule nililala ubavu wa kulia kama nilivyofundishwa, na mke wangu, mama Hadija, alikuwa kitanda cha pili akizungumza na marehemu dada yake, kama afanyavyo siku hizi. Miaka inamwondoka mama Hadija mmoja mmoja, kuanzia ile ya karibuni. Asubuhi huniita Maalim, kama mtaa mzima unavyoniita kwa sababu ya madrasa niliyofundisha. Jioni huniuliza mimi ni nani, na wenyeji wa nyumba hii wamekwenda wapi. Siku moja alitoka akiwa na gagulo tu, akafika hadi sokoni kuitafuta nyumba ya baba yake, nyumba iliyokwisha kuanguka zamani. Wauza nyanya wakamfunga khanga, wakamrudisha. Sikuwashukuru ipasavyo. Niliona kana kwamba aliyevuliwa nguo sokoni ni mimi. Tangu hapo, kila nilipokwenda msikitini nilimfungia chumbani kwa komeo.

Asha, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, niliyemfundisha kusoma alifu akiwa mdogo, alikuwa akipita na kubisha hodi.

"Shikamoo Maalim. Bibi hajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo, amepumzika."

Alinieleza kwamba hospitali ina dirisha la wazee, hawapangi foleni na vijana. Kwamba yupo muuguzi anayewaona wenye maradhi ya kusahau. Kwamba watu wanaouguza wazazi na wenza wao hukutana pale ofisi ya kata, wakaelezana namna ya kumlisha mgonjwa anayekataa kula, namna ya kumwogesha anayeogopa maji. Nikamjibu, "Tutaona, inshallah." Na ile inshallah, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kumwondolea mtu mlangoni.

Basi nikaota.

Nimekaa msikitini, nafundisha darasa la subira. Maneno yanatoka mazuri, yamepangika, na mimi mwenyewe nayafurahia. Ila naona watu wote wamenipa mgongo, wanatazama mlangoni. Mlangoni amesimama Maganga.

Maganga alikuwa fundi seremala, Mnyamwezi, na mimi ni Mzaramo. Kwetu makabila haya mawili ni watani. Mtani hukutania hata msibani, akakuambia mbele za watu lile ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Tulitaniana tangu ujana, mpaka nikamtia kaburini kwa mikono yangu. Sasa amesimama na vumbi la mbao mabegani, kama anatoka kazini.

"Mtumwa wangu," anasema, "bado unanuka tui la nazi."

"Na wewe bado unabeba mizigo ya watu," nikamjibu, nikacheka, maana ndotoni sikukumbuka kwamba amekufa.

Yeye hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Maganga alicheka hata kwenye kitanda alichofia.

Nikanyanyuka nimfuate, na kumbe tumo njiani kuelekea makaburini. Jeneza liko begani kwangu. Watu wanaleta uradi kwa sauti ya chini. Sijui aliyekufa ni nani, na naona haya kuuliza. Mbele yetu Maganga amelala katikati ya njia, kama watani wafanyavyo kuzuia maiti asipite mpaka wafiwa watoe kitu. Nikavua kofia yangu ya kushonwa kwa mkono, nikampa. Akaisukuma kando.

"Leo mtani hataki kitu. Anataka kumwona maiti."

"Haiwezekani, Maganga. Ameshasitiriwa."

"Kasitiriwa na nani?"

"Na mimi, mumewe."

Hapo ndipo nilipojua tunambeba nani.

Tukashusha jeneza. Maganga akaifunua shuka. Mama Hadija amekaa kitako mle ndani, mzima, nywele zimesukwa vizuri, ana ungo mapajani, anachambua mchicha. Akainua macho, akanitambua. Ee Mola, alinitambua sawasawa, kama alivyokuwa akinitambua nikitoka safari.

"Maalim," akauliza taratibu, "nimekukosea nini?"

Nikatafuta jibu. Nina aya nyingi kifuani, nimewahifadhisha watoto wa watu, na hakuna hata moja iliyokuja. Wachukuzi wa jeneza wananitazama. Yeye ananitazama, jani la mchicha liko mkononi, anangoja kama mtu anayeamini kwamba ataambiwa.

Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, makaburi hayapo. Nimo ukumbini kwangu, mbele ya mlango wa chumba chetu. Upande wa pili mtu anagonga pole pole, kama mtu asiyetaka kuwasumbua majirani. Maganga anaupapasa mlango kwa kiganja, kutoka juu hadi chini.

"Mninga," anasema. "Niliuranda mwenyewe ulipooa. Mkeo alinitaka niweke komeo kwa ndani, apate kujifungia akitaka kulia. Nikaweka kwa ndani." Kidole chake kikaishia nje, kwenye misumari iliyopinda. "Kazi mbovu hii. Nani kalihamisha?"

"Ni mimi. Nilimsitiri, Maganga. Watu wangemcheka."

"Sokoni walimcheka?"

Hawakumcheka. Walimfunga khanga.

"Basi ulijisitiri wewe, Mzaramo. Uliogopa waseme, mwalimu wa subira mkewe anazurura na gagulo."

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningemwachia aniambie hivyo. Na huyo mmoja ilibidi atoke kwenye udongo aje kunitafuta. Nilitamani sakafu inimeze. Hasira, wallahi, sikuwa nayo. Nilikuwa na aibu tupu.

"Nifanye nini?" nikamuuliza.

"Mimi nilipolala kitandani, nani alinigeuza ubavu?"

"Mimi na mama Hadija. Kwa zamu."

"Niliona haya siku ya kwanza tu. Ya pili nikasema Alhamdulillahi." Akapangusa vumbi la mbao mikononi. "Kaseme kwa watu: mke wangu anaumwa, nami nimeshindwa. Hivyo hivyo, mtumwa wangu. Usipambe kwa Kiarabu."

Nikalishika komeo nilivute. Halitoki. Mkono wangu ni mzito kama wa mtu aliyelala juu yake. Kule ndani kugonga kukapungua, kukawa kwa mara moja moja, kisha kimya. Nikamwita mama Hadija, asijibu. Nikamwita kwa jina alilopewa na baba yake, ambalo sikuwa nimelitamka tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe.

"Mwajuma! Mwajuma!"

Nikaamka na jina hilo mdomoni, shuka imeloa jasho. Muadhini alikuwa bado. Kitanda cha pili kikalia.

"Nani anaita?" akauliza mke wangu.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mume wako."

Akafikiri gizani. "Mume wangu yuko msikitini," akasema. "Kila mara yuko msikitini."

Alfajiri ile sikutoka. Niliswali chumbani, na yeye akaja akasimama nyuma yangu bila kuitwa. Maneno ya sala hajayasahau, nami sikuwa nikijua hivyo, kwa sababu sikuwa nikibaki nyumbani. Nililia katika sijida, na sijida ikawa ndefu, mpaka akanigusa mgongo kwa kidole kuniuliza kama nimelala.

Kulipopambazuka nikamvisha. Vifungo vilinishinda, gauni likakaa upande, akanitazama kwa huruma. Nikamshika mkono, tukapita sokoni, njia ile ile. Wauza nyanya wakatuamkia, mmoja akasema, "Bibi leo katoka na bwana!" Mama Hadija akamjibu kwamba bwana huyu hamjui, ila ana heshima. Wakacheka, na safari hii hata mimi nilicheka kidogo, uso ukiniwaka.

Asha alikuwa akifagia uwanja wake.

"Shikamoo Maalim. Kwema?"

"Marahaba. Si kwema, mwanangu." Nilijisikia nikitaka kuanza na utangulizi, kisha nikauacha. "Mke wangu anaumwa, nami nimeshindwa. Nimekuwa nikimfungia."

Asha akalaza ufagio chini. Nilimngojea aniambie la kunistahili. Hakuniambia. Alimshika mama Hadija mkono mwingine, akamtengenezea vifungo kimoja baada ya kingine, akamuuliza, "Bibi, umeshakunywa chai?"

"Bado," akasema mke wangu, akinionyesha kwa kidevu. "Huyu mzee hajanipa."

"Basi karibu ndani. Tukishakunywa tunakwenda hospitali, leo muuguzi wake yupo. Na wewe Maalim utakuja Jumamosi pale ofisi ya kata, ukakae na wenzako."

"Nitakuja," nikasema.

Ewe unayeyasoma haya, kama nyumbani kwako yupo mzee ambaye mambo yake yamekuzidi, Mwenyezi Mungu akulegezee ulimi umwambie jirani, na amlainishe jirani akusikilize. Akupe mikono ya upole kwa wazee wako, na siku mikono yako wewe itakapochoka, akupe watakaokugeuza ubavu bila kukuchoka. Amin.