Siku Niliyoamuru Mashine Izimwe

Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha majani chai karibu na Runyenjes, meneja aliponifanya msimamizi wa zamu. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya wenzangu. Mama mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa miongoni mwao.

Mara mashine ya kukausha ikaanza kunuka moshi. Kuizima bila sababu kungeharibu majani ya wakulima. Wote wakanitazama.

"Mama, tuzime?" nikanong'ona.

"Msimamizi ni wewe," akajibu kwa upole. "Sema."

Nikawageukia wenzangu. "Zimeni," nikasema.

Wakazima. Fundi alipoifungua, alikuta mkanda umeanza kuungua.