Karani Aliyehukumu Vitabu Vyetu

Ashukuriwe Mungu anayetoa pumzi na kuitwaa, aliyeniachia macho yanayoona herufi hata katika uzee huu. Kwake naanza, kwa sababu habari niliyonayo ni nzito. Wiki iliyopita tulimzika karani mstaafu wa stesheni yetu ya Mpanda, huko nyumbani kwake Misunkumilo. Mpwa wake alisimama kando ya kaburi kusoma historia ya marehemu. Alipofika pale panaposema marehemu alikuwa mpole na mpenda watu, mzee mmoja nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona, "Hapo mwandishi ametunga." Mwenzake akajibu, "Na ni ndefu. Angekata katikati." Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko, na mjane akasikia. Nilihuzunika, lakini sikushangaa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kusema hivyo.

Vitabu vipya hutufikia kwa treni kutoka Tabora, nakala moja moja, kwa ajili ya chumba cha kusomea cha parokia. Kwa kuwa nakala ni moja, tulizoea kusomewa. Jumapili baada ya Misa watu walikaa barazani, akina mama wakibangua karanga zao, na karani akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia treni. Kila baada ya kurasa chache alifunga kitabu juu ya kidole chake na kutoa hukumu. Juu ya riwaya moja ya upelelezi alisema, "Marehemu huyu ameuawa ukurasa wa tatu kwa sababu mwandishi hakujua amfanyie nini ukurasa wa nne." Juu ya kijitabu cha kilimo cha mpunga alisema, "Aliyeandika haya hajawahi kubandua ruba mguuni." Ilikuja riwaya ya watu wanaohamia kijiji kipya, wakiimba njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye akauliza, "Wote wanaimba. Mbuzi kashikwa na nani?" Hata maisha ya mtakatifu niliyoyapenda sana hayakupona: "Mtakatifu gani huyu asiyeumwa hata jino?" Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikakisoma tena kitabu kile na kuona kwamba alisema kweli, maana mtu asiyejaribiwa hana cha kumwambia anayejaribiwa. Nasema haya ili msinidhanie kuwa nambeza. Sijakutana na msomaji mwingine mwenye jicho kama lake.

Sasa niwaambie habari ya mama mmoja wa Kakese, mkulima wa mpunga, aliyejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na mvi tayari kichwani. Aliazima riwaya, akakaa nayo msimu mzima wa kulima, kisha Jumapili moja akaileta barazani imefungwa ndani ya kanga.

"Umemaliza?" karani akamwuliza.

"Nimemaliza, bwana karani."

"Peke yako?"

"Peke yangu na kidole changu."

Watu wakacheka kwa furaha, wengine wakampigia makofi. Karani akamwambia, "Haya, leo hukumu unatoa wewe." Mama akasimama, akasema kitabu ni kizuri. Akasema pale ambapo mama wa kwenye riwaya anafiwa na mtoto, yeye alilia, akajiambia, kumbe yuko mtu anayejua. Hakuna aliyekuwa pale asiyefahamu kwamba surua ilikuwa imemchukulia watoto wawili. Karani pia alifahamu. Akanyoosha mkono, akakipokea kitabu.

"Mama, umeliwa," akasema. "Tazama hapa. Mtoto huyu hana jina mpaka anapougua. Hachezi, hamwagi uji, hapigwi na mtu. Ameletwa afe, ili nyie mlie na mwandishi akalale. Huyu si mtoto, mama. Ni kitunguu."

Baraza zima lilivunjika mbavu. Mama akangoja kicheko kipungue, akasema kwa sauti ndogo, "Wangu walikuwa na majina." Mtu wa nyuma akaita, "Mama Kitunguu!" na kicheko kikaanza upya. Akafunga kanga yake kiunoni, akaondoka. Jina lile lilimfuata hadi kisimani.

Baadaye nilikuwa Kakese siku walipoandikisha wenye mashamba. Zamu yake ilipofika, mwandikishaji akampa kalamu. Akaisukuma pembeni, akachovya kidole gumba kwenye wino. Mwanamke aliyemaliza riwaya nzima! Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mzee, kusoma kuna wenyewe."

Baada ya mazishi nilikiazima kitabu kile, nikakisoma chote. Ni kibovu. Mtoto ni kitunguu kweli, na mama yake analia kama mtu anayelipwa kulia. Karani hakukosea hata mstari mmoja. Hata hivyo nilikipeleka Kakese, nikamkuta mama anapepeta mchele mlangoni. Nikampa habari ya msiba, kisha nikamwekea kitabu juu ya mkeka, nikamwomba aanze tena.

Hakukigusa. "Karani alisema uongo?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya, lakini nimefundishwa tangu utotoni kutofanya hivyo. "Hapana, mama. Alisema kweli."

"Basi mle ndani hamna mtu. Nami nilikuwa nimewaona wanangu." Akaendelea kupepeta. "Rudi nacho, mzee. Mvua inakuja, kitaloa."

Nilirudi nacho. Nanyi mnaosoma safu hii, wengi wenu ni walimu, makatekista na wazazi. Kitabu kibovu kihukumiwe, na kihukumiwe kwa ukali, maana mwandishi mvivu anatuibia sote. Lakini kabla hujafungua mdomo, tazama ni nani aliyekishika, na ameweka nini ndani yake ambacho mwandishi hakuweka. Ukikirarua kitabu mikononi mwake, na hicho chake kitakwenda. Kukirudisha hutaweza, hata ukienda kwa miguu hadi Kakese. Mungu amrehemu karani wetu, aliyekuwa na haki. Na wewe uliyefika mwisho wa maneno haya, labda kwa kufuatisha kidole, Mungu akubariki, akilinde kidole chako, na akuepushe na wenye haki wasio na huruma. Amina.