Moja Tuliyokuwa Tukiisahau

Enzi zetu, hesabu ya vigawo ilikuwa na harufu ya tope. Msimu wa mpunga ukifika, sisi tuliolelewa Lipangalala tulitoka shule tukaenda moja kwa moja shambani kuamia ndege. Tulikaa juu ya dungu, mihogo ya kuchoma mkononi, mawe ya kombeo yamerundikwa pembeni. Ndege wakitulia, tulipanga yale mawe mafungu mafungu kutafuta namba inayogawa rundo langu na rundo la mwenzangu bila kubakiza. Ndege wakirudi, jibu lote tulilirusha mpungani tukaanza upya.

Kosa letu lilikuwa lile lile kila siku. Vigawo vya kumi na mbili tuliandika mbili, tatu, nne, sita na yenyewe kumi na mbili. Moja tuliisahau. Mwalimu alichapa meza, akasema, "Moja inaingia kwenye kila namba. Mnaidharau kwa sababu ni ndogo."

Mwaka ule nikiwa darasa la sita, mama alimfuata baba kaburini. Siku ya kuanua tanga, wazee walioteremka kutoka Mahenge walikaa uani kutugawana, kama ilivyokuwa desturi. Kaya za kutupokea zilikuwa tatu, sisi tulikuwa wanne. Baba mkubwa akasema hesabu haina shida: wadogo watatu waende kila mmoja na kwake, na mimi mkubwa niongezwe kwenye mojawapo ya hizo kaya, kwa shangazi wa kijiji cha Mbingu, nikisubiri kuolewa. Fausta, kitinda mimba wetu, alikuwa amelala mgongoni kwangu. Mate yake yalikuwa yamelowesha gauni langu.

Nilipiga magoti, nikawaamkia wote shikamoo, ndipo nikasema, "Baba mkubwa, wagawe kwa moja. Hiyo moja ni mimi."

Wazee walicheka. Baba mkubwa akasema shule imeniharibu, wala asihangaike mtu, nikishindwa kuvuna nitawaleta mwenyewe. Muhula uliofuata sikurudi darasani. Nilivuna. Mwaka mwingine mto ulichukua shamba lote, tukala mihogo mpaka wadogo zangu wakaichukia, lakini sikumpeleka mtu.

Sasa naishi Kibaoni, na magoti yananiuma kwa lile tope. Wadogo zangu wale wawili wana miji yao. Fausta ni mwalimu. Juzi alikuja na kompyuta yake akaiweka mezani, chai ikiwa bado inafuka. Alitaka kupanga timu za michezo, kila timu iwe na wavulana sawa na wasichana sawa na timu nyingine. Kwenye jedwali aliandika wavulana thelathini na watano, wasichana arobaini na wanane. Akagusa kisanduku cha pembeni, akaandika alama ya sawasawa, herufi GCD, ndiyo kigawo kikubwa cha shirika kwa Kiingereza, akafungua mabano, akachagua zile namba mbili, akafunga. Nikamuuliza mawe yako wapi. Akacheka, akasema siku hizi hata wanafunzi wake wakiulizwa mbili mara tatu wanatafuta simu kwanza.

Jibu likatokea. Akasonya.

"Imeleta moja, dada. Hawagawanyiki hawa. Haina maana."

"Ina maana," nikamwambia. "Waache wawe timu moja."

Akanitazama kama ninatania. Yale niliyosema siku ile uani hakuyasikia, alikuwa usingizini, na sijawahi kumsimulia. Akafuta ile namba, akaanza kujaribu kupunguza watoto, huyu akae benchi, yule awe mwamuzi, mpaka hesabu imkubali.

Nilinywa chai yangu ikiwa imepoa. Vijana wa leo wamejaliwa, sisi tulihangaika na mawe na ndege. Ile mashine iliipata moja kabla sijanyanyua kikombe. Mimi imenichukua ujana wote, na asubuhi nikiinuka kitandani bado ninaisikia kwenye magoti.