Sufuria Iliyorudi Tupu

Mwanangu, kabla sijaondoka Tanga watu walisema mimi sitapanga kitu kikapangika. Baba yangu mdogo, Mzee Hamisi, aliyatamka mbele ya wageni: "Huyu hata mafungu yake ya nyanya gengeni yalikuwa yakibomoka yenyewe. Huko Kanada atapanga nini, theluji?" Wageni wakacheka. Nami nikacheka, ila moyoni niliandika.

Nikaenda Toronto, mchana naosha vyombo hotelini, jioni nasoma, hadi nikapata stashahada ya mambo ya makumbusho. Ile pale ukutani, kwenye fremu, usiiguse. Mji ulikuwa unajenga jumba jipya la makumbusho ya historia yake, na pembe moja ilitengwa kwa ajili ya sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Walioomba kuipanga walikuwa wengi. Nilichukuliwa mimi.

Basi nikazunguka kwa basi, kutoka mtaa wa Scarborough hadi ule wa Jane and Finch, nikiazima vitu vya watu. Bwana Fernandes, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, alinipa sanduku la bati alilokuja nalo. Mama Riziki alinipa mbuzi ya kukunia nazi. Mzee Jafari, mfanyabiashara, alitoa pasi ya mkaa ya mama yake. Na Bi Zuhura, bibi wa Tanga aliyeishi ghorofa ya kumi na moja, ambaye watu wetu wote walimsikiliza, alinipa sufuria yake ya pilau, kubwa ya kutosha kumkogesha mtoto.

Siku nisiyoisahau ni Jumamosi moja ya baridi. Tuligundua sufuria haiingii kwenye kabati la kioo, nikaamua kuirudisha. Nikaisugua ikang'aa, nikaipakata kwenye basi, nikamkabidhi pamoja na fomu ya kusaini.

Akafunua kifuniko, akachungulia. Akafunika. Akafunua tena.

"Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Ndiye aliyekufundisha kurudisha chombo cha watu kitupu?"

Nikamweleza, kwa upole wa msomi, kwamba kwa taratibu za makumbusho kitu hurudi vilevile kilivyopokelewa.

"Mimi nilikupa kina mandazi ndani," akasema. "Yako wapi?"

Nilikuwa nimeyala.

Hakusaini. Kesho yake simu zikaanza: Mama Riziki anataka mbuzi yake, Mzee Jafari pasi, na hata Bwana Fernandes, mtu mpole wa kanisani, akasema sanduku lake limemkumbuka. Ufunguzi ulibaki wiki moja. Mkuu wangu wa kazi akaniambia kwamba nisipokuwa na vitu kufikia Ijumaa, pembe yangu itawekwa baiskeli za zamani. Nikakisikia kicheko cha Mzee Hamisi kutoka ng'ambo ya bahari.

Mkono mtupu haulambwi. Nikanunua ndoo mpya, nikapika pilau kwa mara ya kwanza maishani. Chini iliungua, juu ulibaki mchele. Nikaitia ndooni, nikapanda nayo ghorofa ya kumi na moja.

Bi Zuhura alionja kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko wali unavyostahili.

"Hii ni adhabu," akasema, "lakini umeileta mwenyewe."

Akachukua simu, akampigia Mama Riziki. "Mwacheni," alisema. "Kapika."

Aliponirudishia ndoo yangu, ndani mlikuwa na machungwa sita. Na sufuria akanipa tena. Safari hii sikuipeleka kwenye kabati. Niliiweka katikati ya pembe, na kibandiko cha maelezo nikamwomba aandike mwenyewe. Ndivyo mji mzima ulivyosoma kwamba msomi wao aliyala mandazi ya watu. Lakini hakuna mahali watu walisimama muda mrefu kama pale.

Mwanangu, elimu ni kitu kizuri, nami ninayo. Lakini fomu haimjui mama wa mtu. Mtu akikuazima chombo amekuazima na imani, na imani haisuguliwi kwa sabuni. Irudishe na kitu ndani, hata kama ni pilau mbovu.

Maonyesho yalipokwisha nilivirudisha vyote kwa siku moja. Sanduku la Bwana Fernandes lilijaa machungwa. Pasi ya Mzee Jafari niliitia tende mahali pa mkaa. Mbuzi haina tumbo, basi niliifungia nazi mdomoni. Mwisho nikafika kwa Bi Zuhura na sufuria ya mandazi, mengine yameungua.

Akafunua, akachungulia, akasaini ile fomu ya zamani. Kisha akaniombea dua ninayokuachia na wewe: Mungu asikunyime cha kutia chomboni, wala mlango wa kukirudisha.