Jiwe la Kushoto Bafuni

Mwaka mzima mume wangu alioga na ng'ombe, ili tu marando yangu ya viazi yakauke. Watu nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Sitii. Jioni alichukua taulo begani, akapita mbele ya bafu letu bila kuligeukia, akaenda mpaka kwenye lambo walikonyweshwa ng'ombe wa kijiji kizima, akaoga humohumo kwenye tope na mikojo, akarudi nyumbani ameridhika na nafsi yake.

Tulikuwa tunaishi upande wa Kasoli, kwenye boma la mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mjane. Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, ushirika, na ukimkasirikia huna pa kwenda. Ghafla yakaja malori ya watu binafsi, kila mmoja na mizani yake, wanagombania pamba yetu kama watani msibani. Mume wangu aliuza msimu huo kwa bei ambayo hakuwahi kuiota. Akarudi na redio, na neno jipya: soko huria. Alilitamka akila, alilitamka akikamua, alilitamka hata akimfukuza mbwa. Nililichukia neno hilo kabla sijalielewa, na nilipolielewa nikalichukia zaidi.

"Mvua ikinyesha," akatangaza, "shamba lote ni pamba. Mpaka kwenye matuta ya viazi."

"Na tutakula nini?"

"Tutanunua. Mtu mwenye hela anakula michembe ya nini?"

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa mpaka vikakauka kabisa. Sisi huku ndiyo chakula kinachotuvusha kihenge kinapokuwa kitupu na mahindi mapya hayajaonekana. Lakini huwezi kupata michembe bila viazi, na huwezi kupanda viazi bila marando, yale mashina yake yanayotambaa, na marando hayawezi kuvuka kiangazi chetu pasipo mtu wa kuyalinda. Lazima uyaweke mahali penye unyevu na kuyanywesha mpaka mvua irudi. Nyumbani kwetu mahali penye unyevu palikuwa nyuma ya bafu tu.

Bafu lenyewe lilikuwa uzio wa minyaa ulioongezewa mabua ya mtama. Ndani niliweka mawe mawili bapa. Ukisimama jiwe la kushoto, maji yako yalishuka kwenye mfereji niliouchimba mwenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye marando. Ukisimama jiwe la kulia, yalikwenda kwenye minyaa, na minyaa haijawahi kumwomba mtu maji. Kwa hiyo amri ya nyumba ilikuwa kuoga jiwe la kushoto. Maji nilikuwa nayafuata mwenyewe mtoni, nachimba kwenye mchanga, nachota kwa kikombe, nabeba kichwani. Sikuona kwa nini yafanye kazi mara moja tu.

Mume wangu naye aliyataka maji hayo, na udongo ule wa nyuma ya bafu aliutaka pia. Alitaka kufyatua tofali, ajenge nyumba ya bati kwa hela za pamba ambayo haijapandwa bado. Siku moja nikarudi kutoka mtoni nikamkuta katikati ya bustani yangu na jembe. Nusu ya marando yalikuwa yameng'olewa, na ndama walikuwa wanayamalizia. Pembeni, kwenye kivuli cha nyumba, kilikuwa kibao kipya cha kufyatulia tofali, amekichonga vizuri kabisa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama. Ndiye aliyekuja na marando hayo kutoka kwao Ipililo alipoolewa, na ndiye aliyenifundisha kuyatunza. Nikamwuliza, "Mama, umemwacha?"

"Mayu, nyumba inavuja," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Nami nataka kulala chini ya bati kabla sijafa. Mwanaume akisema pamba, ni pamba."

Sikuwa na ugomvi na bati. Nilikuwa na ugomvi na kula bati. Niliwafukuza ndama, nikaokota kila kipande chenye jicho, nikakichomeka tena ardhini huku matusi yananijaa mdomoni. Halafu nikaingia jikoni. Jioni hiyo ugali wa watu wote niliupika kwa kibao cha tofali. Mti ule uliwaka vizuri sana.

Aligundua akiwa ameshashiba. Alikuja mpaka mlango wa jiko, akatazama mafigani, akakitambua kipande kilichobaki.

"Umechoma kibao changu."

"Nimepikia. Na umekula."

Nilidhani atanipiga, nikaushika mwiko. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini, "Basi kama ni maji ya mwili wangu unayoyataka, hutayapata tena." Kuanzia kesho yake akahamia lamboni.

Nilicheka mwanzoni. Kisha nikaona hasara yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaoga maji mengi kuliko sisi wote, na marando yalizoea. Ikabidi niongeze safari za mtoni. Watoto niliwaogesha juu ya jiwe la kushoto hata wasipokuwa wachafu. Maji ya kuoshea vyombo, ya kunawia mikono, ya kulowekea mtama, yote yalipita kwenye mfereji ule. Sitajifanya kwamba nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Kila kikombe nilikimwaga kwa chuki, nikimwambia mwanaume asiyekuwepo kwamba hayatakufa, na marando yakanielewa.

Mvua ilipokuja akalima pamba kila mahali, kama alivyoapa. Matuta yangu yalibomolewa. Nikapanda viazi palipobaki: kando ya njia, kuzunguka nyumba, mpaka miguuni mwa kihenge. Majirani walicheka. Na wao walikuwa wamepanda pamba hadi mlangoni, na marando yao wameyaacha yafe, kwa sababu redio zao zilisema kama ya mume wangu. Nilivuna, nikakata, nikaanika juu ya jabali, nikajaza magunia. Kiangazi kilipoanza nikarudisha mbegu nyuma ya bafu. Yeye akaendelea kuoga na ng'ombe.

Halafu ukaja wakati wa kuuza. Malori yalichelewa, na yalipokuja hayakuwa mengi. Yule mnunuzi wa mwaka jana aliyekuwa anatuita wajomba hakuonekana tena. Aliyekuja aliichambua pamba yetu kwa vidole viwili, akasema chafu, akataja bei yake na kuanza kutazama saa. Mume wangu aliuza. Angefanya nini nayo, aile? Wauza mahindi, wao, walikuwa wameshajua kwamba kijiji kizima hakikulima chakula, na bei yao ilipanda bila haya. Hilo nalo lilikuwa soko huria.

Kihenge kikaisha. Nikaanza kupika michembe, naichemsha na karanga za kutwanga. Nilimpelekea sahani yake alipokuwa amekaa peke yake, nikaiweka chini, nikabaki nimesimama.

"Unasubiri nini?" akauliza.

"Nataka nione mtu mwenye hela anavyokula michembe."

Alikula ameinamisha kichwa. Mama mkwe akaniita ndani, akasema, "Mwache ale." Nikamjibu, "Anakula, mama. Sijamzuia." Nilifurahi siku ile, na furaha ile hadi leo sijaitubia.

Lakini michembe nayo ina mwisho wake, na mvua ilikuwa mbali. Chakula cha mwaka uliofuata kilikuwa pale nyuma ya bafu, kwenye kipande kile cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka. Mto ukazidi kukauka. Tulichimba mchanga mpaka mtu anaingia kiunoni, tukasubiri maji yajikusanye. Majani ya marando yakaanza kuwa ya njano. Wanawake wa kijiji wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu, wanasalimia.

"Mwadila, mayu. Marando yako bado yapo?"

"Yapo."

"Mvua ikinyesha utatukumbuka."

Niliwajua wote waliocheka. Hata hivyo marando hayanyimwi, wala hayauzwi. Kwetu ndivyo yalivyo, na hasira yangu haikuwa na nguvu ya kubadilisha hilo. Mume wangu alisikia mazungumzo, akasema kutoka kivulini, "Waambie walipe. Wao wangekupa bure?"

Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka. Sikuwahi kumwona akinyanyuka haraka namna ile.

"Hayo nilikuja nayo kutoka Ipililo," akamwambia. "Nilipewa. Hakuna aliyeniuzia. Yamekulisha wewe tangu huna meno, na leo yanakulisha tena. Na wewe hata maji ya kuoga umeyanyima." Akakaa. Kisha akaongeza, "Unanuka ng'ombe, mwanangu. Watu wananiuliza kama una mke."

Mama mkwe alikuwa amesema yangu yote.

Siku ya pili yake jioni nilikuwa nimepiga magoti kwenye bustani, naondoa majani yaliyokufa. Nikamwona anakuja kutoka upande wa mtoni, anasukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli amefunga dumu la maji. Alikuwa ameyachota mwenyewe, na magoti yake yalikuwa yamejaa mchanga. Nataka ieleweke kwamba lambo lilikuwa bado na maji. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha kesho yake, maana sikutaka kumpa sifa asizostahili.

Hakunisalimia. Alilishusha dumu, akaingia nalo bafuni. Nilikuwa upande wa pili wa minyaa, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. Nikasikia akivua shati. Nikasikia kata ikizama, na maji yakimwagika, mara ya kwanza, mara ya pili. Niliutazama mfereji. Ulikuwa mkavu.

Mwaka mzima, na bado alikuwa amesimama jiwe la kulia. Sijui kama ilikuwa kusahau au kiburi cha mwisho kilichombakia, na wala sikumwuliza. Ningeweza kumwambia mengi. Ningeweza kumwambia asante, kama wanavyofanya wake wengine.

"Sogea jiwe la kushoto," nikasema. "Hapo unamwagia minyaa."

Kisha nikasikia mguu ukihama.